Kamera ya Filamu: Bodi Kongwe au Bodi Mpya? Mwongozo Kamili wa Kuchagua

Bodi ya kamera ya filamu, yaani kamera bila lenzi, ina kazi tatu tu: kuiweka filamu gizani, kuinyoosha nyuma ya lenzi, na kufungua shata, lile pazia lililo mbele ya filamu, kwa muda ule ulioagizwa. Rangi, ukali na kina cha picha vinatoka kwenye lenzi, kwenye filamu yenyewe na kwa jinsi ilivyosafishwa. Funga lenzi moja kwenye bodi ya mwaka 1978, kisha uihamishie kwenye bodi ya mwaka 2000 ya mdomo uleule (mdomo ni ile pete ya chuma ambapo lenzi inajifunga). Tia filamu ya aina ileile, piga kwa vipimo vilevile. Kama bodi zote mbili ni nzima, hakuna atakayeweza kukuambia picha ipi imetoka kwenye bodi ipi. Muuzaji anayekuambia kwamba bodi fulani "inatoa picha nzuri zaidi" anakuuzia kitu ambacho bodi haina.

Tofauti ipo, tena kubwa, lakini iko kwingine: namna utakavyofanya kazi na kamera, lenzi itakazokubali, na yatakayokukuta siku ikiharibika. Hayo ndiyo ya kupima, na yapimwe kwa mpangilio, kwa sababu jibu la hatua ya kwanza mara nyingi linamaliza nusu ya mjadala.

Kwanza tuelewane: kongwe ni ipi, mpya ni ipi

Mwaka wa kugawanyia ni 1985. Mwaka huo Minolta ilitoa kamera yake ya 7000, ya kwanza ya lenzi za kubadilisha kufanikiwa sokoni ikiwa na fokasi otomatiki ndani ya bodi. Canon ikafuata mwaka 1987 kwa EOS 650, ikaacha kabisa mdomo wake wa zamani. Kwa mwongozo huu, bodi kongwe ni ile unayoifokasi kwa mkono na kuivuta filamu kwa wenzo. Bodi mpya ni ile yenye mota, fokasi otomatiki na skrini ndogo ya maandishi.

Usidanganyike na neno "mpya". Canon EOS-1V ilitoka mwaka 2000 na Canon ikatangaza kuacha kuiuza mwaka 2018. Nikon F6 ilitoka 2004, ikasimamishwa 2020. Bodi nyingi zinazoitwa mpya zina miaka ishirini na zaidi. Kwa hiyo unachagua kati ya kamera nzee na nzee zaidi, na kila moja ina uzee wa namna yake.

Halafu kuna kundi la katikati, nalo ndilo linalowanasa wengi. Canon AE-1 ya mwaka 1976 na Minolta X-700 ya mwaka 1981 zina sura ya kikongwe kabisa: wenzo, pete ya fokasi, kitufe cha kurudishia filamu. Ndani, shata yake inaendeshwa na umeme. Betri ikiisha, haipigi hata picha moja. Kamera hizi zimebeba udhaifu wa pande zote mbili: mafuta na sponji za zamani za kuzuia mwanga, pamoja na sakiti ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena. Si kamera mbaya hata kidogo, na AE-1 imefundisha watu wengi kupiga picha. Lakini anayeinunua akidhani amepata chombo cha kimakanika kisichohitaji umeme, amenunua kitu asichokijua.

Hatua ya 1: Anza na lenzi, bodi baadaye

Kama huna lenzi hata moja, hatua hii ni fupi: tafuta bodi inayokuja na lenzi ya 50 mm yenye tundu (uwazi wa kupitishia mwanga ndani ya lenzi) la f/1.8 au f/2, uhamie hatua ya pili. Lakini kama tayari una lenzi, hata za kamera ya kidijitali, soma hapa kwa makini, maana makosa ya mdomo wa kamera hayana dawa.

*Canon.* Lenzi yoyote ya EF inakaa kwenye EOS yoyote ya filamu, ikifokasi yenyewe, na hata kituliza mtikisiko chake kinafanya kazi. Lenzi za EF-S hazikai, kwa kuwa zilitengenezwa kwa kihisi kidogo. Lenzi za zamani za FD ni ukoo mwingine kabisa. Umbali kutoka mdomo hadi filamu kwenye FD ni 42 mm, kwenye EOS ni 44 mm. Hizo milimita mbili ndizo zinazofanya lenzi ya FD ikifungwa kwenye EOS kwa adapta isiyo na lenzi ndani yake ishindwe kufokasi vitu vya mbali, na adapta yenye lenzi ndani inapunguza ubora. Mwenye lenzi za FD atafute bodi ya FD, basi.

*Nikon.* Mdomo wa F umekuwepo tangu 1959, na hapo ndipo watu wanapojikwaa, kwa sababu lenzi kuingia si sawa na lenzi kufanya kazi. Lenzi za kabla ya 1977 ambazo hazijarekebishwa kuwa AI (mfumo wa Nikon wa kuijulisha bodi tundu lililowekwa) zisifungwe kwenye FM2, maana zinaweza kuharibu kijiti kilicho pembeni mwa mdomo. FM na FE za mwanzo zina kijiti kinachoinuliwa, kwa hiyo zinazipokea. Lenzi za G, zisizo na pete ya tundu, ukizifunga kwenye FM2 zinabaki kwenye tundu dogo kabisa na hakuna pa kulibadilishia. Kwenye F80, F100 au F6 zinafanya kazi kikamilifu. Kinyume chake, F80 inakubali lenzi za AI za kufokasi kwa mkono lakini mita yake ya mwanga haifanyi kazi nazo, wakati F100 inapima vizuri tu. Na lenzi mpya zaidi zenye herufi E hazifai kwenye bodi yoyote ya filamu, hata F6, kwa kuwa tundu lake linaongozwa kwa umeme ambao bodi hizo hazina namna ya kuupeleka.

*Pentax.* Huku mambo ni mepesi. Mdomo wa K ni wa mwaka 1975, K1000 inapokea lenzi za K zenye pete ya tundu, na zile za zamani za skrubu za M42 zinaingia kwa adapta rahisi.

Ukishaandika lenzi zako kwenye karatasi na kuzilinganisha na bodi unazozitamani, mara nyingi utakuta umebaki na bodi mbili au tatu.

Hatua ya 2: Unapiga nini, na kwa kasi gani?

Kwa vitu vinavyokimbia, yaani watoto, mpira, harusi, wanyama, chukua bodi mpya na usione haya. Fokasi otomatiki ya F100 au EOS 3 inamfuata mtu anayetembea kukujia, kazi ambayo mkono wa wengi wetu hauiwezi kwa tundu lililo wazi. Chunga tu kidole: Nikon F5 inapiga hadi picha 8 kwa sekunde, maana yake filamu ya picha 36 inaisha ndani ya sekunde tano.

Kwa vitu vinavyokungoja, kama mandhari, majengo, au mtu aliyekaa dirishani, kasi hiyo haina faida kubwa. Hapo bodi kongwe ina jambo moja ambalo naliona ni hoja yake nzito kuliko zote, na halisemwi vya kutosha: kitundu cha kutazamia. Ukiwa na lenzi ya 50 mm, Olympus OM-1 inakuonyesha dunia kwa ukuzaji wa mara 0.92, na Pentax MX mara 0.97, yaani karibu sawa na jicho tupu. F100 ni mara 0.76. Zaidi ya hayo, kioo cha kufokasia cha bodi kongwe nyingi kina duara katikati linalokata mstari vipande viwili. Ukizungusha pete, vipande vinakutana, na fokasi iko sawa. Kioo cha bodi ya fokasi otomatiki ni laini na ang'avu, hakina duara hilo, na kufokasi kwa mkono kupitia kwake ni kubahatisha. Kwa hiyo anayependa kufokasi mwenyewe asinunue bodi mpya akisema "nitazima tu otomatiki". Atajuta kila akiinua kamera.

Filamu unayokusudia kutumia ina neno pia. Negativu ya rangi inavumilia mwanga uliozidi kwa hatua mbili (kila hatua ni mwanga mara mbili) na picha bado ikatoka. Filamu ya slaidi haina huruma: nusu hatua tu na mawingu yanakuwa karatasi nyeupe. Mita za bodi kongwe zinapima wastani wa eneo lote, zikitilia mkazo katikati, kwa hiyo anga jeupe linazidanganya na wewe ndiye unayepaswa kusahihisha. Upimaji wa kugawanya fremu katika maeneo ulianzia kwenye Nikon FA mwaka 1983 na ukakomaa kwenye bodi za miaka ya 1990. Mpiga slaidi asiye na mita ya mkononi ananufaika sana na bodi mpya.

Flashi nayo, kwa ufupi: shata ya kitambaa, kama ya K1000, inakubali flashi hadi 1/60 ya sekunde tu, kasi ndogo mno kwa kujaza mwanga usoni mchana wa jua kali. FM2 inafika 1/200, na toleo lake la baadaye 1/250, sawa na F100.

Hatua ya 3: Uliza habari za betri

Kwenye bodi ya kimakanika kamili, kama K1000, OM-1 au FM2, betri inaendesha mita peke yake. Ikifa, unaendelea kupiga kwa kasi zote. Nikon FE ni ya umeme, lakini imeachiwa kasi moja ya dharura, 1/90, pamoja na B (shata inabaki wazi muda wote unaobonyeza kitufe). AE-1, X-700 na bodi zote mpya zinanyamaza. FM3A ya mwaka 2001 iliunganisha pande zote mbili, shata ya umeme na ya kimakanika ndani ya bodi moja, na ndiyo maana wanaoipata hawaiachii.

Bodi nyingi za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 zilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo haziuzwi tena kwa sababu ya sumu yake. Ukiweka ya kisasa ya volti 1.55 mahali pake, mita ya OM-1 inasoma vibaya, na picha zako zitatoka na mwanga pungufu. Zipo njia tatu: betri ya zinki na hewa, ambayo inakaribia volti ile lakini inaisha ndani ya miezi michache, adapta inayoshusha volti, au fundi kurekebisha mita. Muulize muuzaji swali hili waziwazi.

Na kwa kamera zinazotumia vidonge vidogo, nunua SR44 badala ya LR44 ingawa zinalingana umbo. SR44 inashikilia volti yake karibu hadi mwisho. LR44 inashuka polepole, na mita inapotoka nayo bila wewe kujua.

Hatua ya 4: Jua kila aina inakufaje

Bodi ya kimakanika inazeeka polepole na kwa ishara. Mafuta yanaganda, kasi za chini zinakuwa nzito, sponji zinaoza. Fundi anayejua saa na gia anaifungua, anaisafisha, anairudisha kazini. Bodi ya umeme inafanya kazi leo sawasawa na siku ilipotoka dukani, kesho haiwaki, na dawa yake ni kutafuta maiti nyingine ya aina ileile ili kutoa sakiti. Hii ndiyo tofauti ya kweli kati ya kongwe na mpya. Kama una fundi wa kamera unayeweza kumfikia, bodi ya kimakanika ni mali ya muda mrefu. Kama huna, faida hiyo ni ya maneno tu, na bodi mpya iliyo nzima inaweza kukupa miaka mingi ya kazi bila kuguswa.

Magonjwa yanayojulikana ni haya: Canon za ukoo wa A, AE-1 ikiwemo, hutoa mlio mwembamba wa kukwaruza zikipiga, dalili kwamba gia zinazoinua kioo cha ndani zimekauka mafuta. X-700 hufa kwa kapasita, kijisehemu cha sakiti kinachohifadhi umeme. Prizimu ya OM-1, kioo kinachopeleka picha kwenye kitundu cha kutazamia, huliwa na sponji iliyo juu yake, ukaona doa jeusi kwenye kitundu. EOS za kizazi cha mwanzo, kama 650 na 620, zina mpira ndani ya shata unaoyeyuka na kupaka majimaji meusi kwenye mabamba ya shata. F80 huvunjika ndoana ya mlango wa nyuma. F100 na F80 mpira wake wa nje hunata mkononi. Hilo ni kero zaidi kuliko ugonjwa.

Hatua ya 5: Ikague mwenyewe

Nenda na betri mpya, njiti ya meno, simu, na filamu mbovu ya kuchezea.

Anza kwa kufungua mlango wa nyuma. Gusa sponji nyeusi kwenye mifereji ya mlango kwa ncha ya njiti. Nzima inabonyea na kurudi. Iliyooza inang'ang'ania njiti kama lami ya moto. Hiyo si sababu ya kuikataa kamera, maana sponji zinabadilishwa hata nyumbani, lakini ni sababu ya kushusha bei. Angalia pia sponji iliyo mbele, pale kioo kinapogota kikiruka.

Kisha shata, na hapa usiwe na haraka. Toa lenzi, acha mlango wazi, elekeza kamera kwenye taa au ukuta mweupe, chungulia kwa nyuma. Weka 1/1000, piga mara kadhaa. Unatakiwa kuona mstatili mzima wa mwanga kila mara. Ukiona upande mmoja una giza, pazia la pili linalifikia la kwanza kabla halijamaliza safari. Kwenye shata ya kitambaa giza litakuwa kulia au kushoto. Kwenye ile ya mabamba ya chuma linakuwa juu au chini. Kamera ya hivyo itakupa picha zenye ubavu mweusi, hasa za jua kali.

Shuka sasa hadi sekunde moja. Kwenye bodi ya kimakanika utasikia gia zikizunguka ndani, mlio mmoja usiokatika, halafu shata inafunga. Mlio ukikwama katikati, ukapumzika na kuendelea, mafuta yameganda. Piga mara tano mfululizo. Ikiwa ya kwanza ni nzito na ya tano ni nyepesi, usifurahi, kwa sababu kesho itakuwa nzito tena. Kwa uhakika zaidi tumia video ya polepole ya simu. Kwa fremu 240 kwa sekunde, kasi ya 1/30 inapaswa kuonekana wazi kwa takriban fremu 8, na 1/60 kwa fremu 4. Usiguse mabamba kwa kidole kamwe, hata kama yana vumbi.

Mita ilinganishe na programu ya mita kwenye simu, ukielekeza vyote kwenye ukuta mmoja ulioangazwa sawasawa, kisha kivulini. Tofauti isiyobadilika inasahihishwa kwa kubadili ISO (unyeti wa filamu unaouweka kwenye kamera). Tofauti inayobadilika kila mahali ina maana mita imechoka.

Fungua chumba cha betri. Ukoko wa kijani au mweupe kidogo unafutwa kwa pamba yenye tone la siki. Ukoko uliotambaa hadi kwenye nyaya, achana nayo.

Kwa bodi mpya ongeza haya: fokasi kitu cha karibu kisha cha mbali, mara nyingi, zungusha kila gurudumu na uangalie skrini inafuata, funga na ufungue mlango huku ukitazama ndoana. Tia ile filamu ya kuchezea, iache ijivute, piga hadi mwisho, iache ijirudishe. Mota iliyochoka inajulikana hapo.

Hatua ya 6: Bei

Soko limeweka bei kwa sura na sifa. Bodi za chuma zenye jina zinapanda, huku bodi za plastiki za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, zenye mita bora na shata za kasi, zikiuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Kwa anayetaka picha kwanza, huko ndiko ningemwelekeza, na hela iliyobaki iende kwenye lenzi na filamu. Anayetaka kujifunza jinsi tundu, kasi na mwanga vinavyofungamana, tena ana fundi karibu, achukue K1000, FM au MX, na kwenye bajeti ajumlishe gharama ya kuisafisha kabisa, kana kwamba ni sehemu ya bei.

Hatua ya 7: Filamu ya kwanza iwe ya majaribio

Usiende nayo kwenye harusi ya mtu. Tia negativu ya rangi ya picha 24 na uandike kila unachopiga: kasi, tundu, mwanga. Piga kitu kimoja kwa kasi tofauti ukibadilisha tundu ili mwanga ubaki uleule. Kwa mfano f/16 kwa 1/125, f/11 kwa 1/250, f/8 kwa 1/500, f/5.6 kwa 1/1000. Iache kamera juani dakika chache katikati ya filamu. Piga fremu mbili au tatu kwa sekunde nzima, ikiwa imekaa mezani.

Filamu ikisafishwa, dai negativu zenyewe, usiridhike na picha zilizoskaniwa, kwa sababu skana inarekebisha kimyakimya na kuficha ugonjwa. Ziinue kwenye mwanga. Fremu zile za mwanga uleule zinapaswa kuwa na uzito mmoja. Kama ya 1/1000 ni nyembamba kuliko ya 1/125, shata ya juu inafungua kwa muda mfupi kuliko inavyodai, na kama ni nzito zaidi, inachelewa. Mabaka meusi yanayoanzia kwenye matundu ya ukingo na kuingia ndani ya fremu ni mwanga unaovuja mlangoni. Nafasi kati ya fremu zikiwa hazilingani au fremu zikipandana, tatizo liko kwenye kuvuta filamu. Mikwaruzo iliyonyooka kwa urefu wote wa filamu inatoka kwenye sahani ya nyuma au reli, nayo mara nyingi inaisha kwa kufuta sahani hiyo kwa kitambaa laini kabla ya kutia filamu ya pili.